Usimuulize kama yuko sawa: kwa familia zinazopokea Wajapani kwa mara ya kwanza

Juzi simu yangu ililia saa nne usiku. Ni mama mmoja wa hapahapa Bombo, Uganda. Mgeni wake wa kwanza kutoka Japani ana siku 11 nyumbani, na yeye anataka kujua kama panado mbili zinatosha. "Anasema yuko sawa, Hajati, ila mwili una moto kidogo." Nilikuwa nimeshavaa viatu kabla hajamaliza kusema. Tulipomwekea kipimajoto kilisoma 39.2. Alhamdulillahi, alipimwa damu usiku uleule, akaanza dawa, na leo nimesikia amekula. Lakini mimi nilirudi nyumbani nisilale, kwa sababu maneno hayo, "anasema yuko sawa", niliwahi kuyasema mwenyewe mwaka 2018, na nusura mtoto wa watu afe mikononi mwangu.

Kwa hiyo ndugu zangu mnaopokea kundi hili la Agosti, nisikilizeni. Fomu mmejaza, kikao cha mratibu wa wageni hawa mmehudhuria, chandarua mmepewa. Ninayoandika hapa hayamo kwenye fomu.

1. Mpeni kazi. Wahenga walishasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na sijaona watu ambao methali hii inawafaa kama hawa. Kila mwaka nakuta nyumba mpya mgeni amekalishwa sebuleni kama bibi harusi, televisheni imewashwa kwa ajili yake, watoto wamekatazwa kumsogelea. Mama wa nyumba anadhani anamheshimu, na yeye mgeni anadhani ni mzigo. Mpe kisu amenye matoke. Mpe mchele achambue, mpe ufagio wa uani. Mgeni wetu mmoja alipewa kuwasha sigiri, jiko la mkaa. Siku ya kwanza alipuliza mpaka machozi yakamtoka, siku ya tano hakuruhusu mtu mwingine aiguse, na jioni hiyo ndiyo kwa mara ya kwanza alituambia kwamba bibi yake alifariki mwezi mmoja kabla ya safari. Wiki nzima tulikuwa tumemkalisha kitini, na hakuwahi kutuambia.

2. Saa. Semeni asubuhi, mchana au usiku, na mhakikishe anajua ni saa ya Kiswahili. Jirani yangu alimwambia mgeni wake, "Kesho saa nane tunakwenda Kampala." Kijana akasikia nane ya kwao. Saa mbili kamili asubuhi alikuwa getini, begi mgongoni, kofia kichwani, na mwenye nyumba yuko shambani akijua safari ni ya mchana. Alisimama, akakaa kwenye jiwe, akasimama tena, saa 6 nzima. Mama wa nyumba alipomuuliza mbona amesimama juani, alitabasamu, akasema "daijobu". Neno hilo likumbukeni, nalirudia hapo chini.

Kuna jambo zuri hapa ambalo huwa nawaonyesha kila kundi, na huwa wanapiga makofi. Japani iko mbele yetu kwa saa 6. Saa yetu ya Kiswahili nayo imepishana na ya Kizungu kwa saa 6 hizohizo. Maana yake, saa ya mshale ambayo mgeni hajairekebisha tangu atoke Narita, uwanja wa ndege wa kwao, inamsomea Kiswahili bila kukosea: hapa ni saa moja asubuhi, na mshale wake uko kwenye moja, kwa kuwa kwao ni saa moja ya mchana wa saa za kwao. Binti mmoja aliyekuwa akisomea Kiswahili kule Osaka (na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko cha watoto wangu, wakaona haya) aliacha kabisa kuirekebisha. Alisema anasoma saa ya mama yake na ya kwetu kwa pamoja.

3. Daijobu. Hapa naomba uvumilivu wenu.

Neno hili kwao lina maana ya "niko sawa". Lina pia maana ya "hapana, asante", na "usijisumbue", na "naumwa lakini nyinyi ni watu wema na sitaki kuwaongezea shida". Wamelelewa hivyo tangu wadogo, kwamba kumsumbua mwenzio ni aibu. Sisi tunaokaa na majirani watano wanaoingia bila kubisha hodi tunalisikia neno moja na kuridhika.

Yule wa 2018 alikuwa binti wa miaka 20 kutoka Nagano, milimani, kwenye theluji. Kila asubuhi alikunja shuka lake pembe kwa pembe, mraba kamili. Kandambili zake alizipanga mlangoni sambamba, ncha zikitazama nje, ndivyo wanavyofanya kwao ili anayetoka azivae bila kugeuka. Mwanangu wa mwisho alimwiga, na baada ya wiki mlango wangu ulikuwa na viatu vimesimama kama gwaride.

Siku ya 12, Jumanne, shuka halikukunjwa. Nililiona. Kandambili moja ilikuwa imepinduka, nyingine iko chini ya benchi. Nikazipanga mwenyewe, nikapita. Chai hakuimaliza. Nikamuuliza, "Uko sawa, mwanangu?" Akasema daijobu. Nikaenda sokoni.

Jumatano alitapika. Alisafisha peke yake kabla hatujaamka, na ndoo akaisuuza. Nilijua kwa harufu ya dawa ya kusafishia sakafu. Nikauliza tena, akajibu vilevile na kuomba msamaha juu. Nikajiambia ni chakula, au labda anakumbuka kwao. Mume wangu akasema, "Itakuwa malaria tu, mpe panado, kesho apimwe."

"Malaria tu." Tunalisema wote. Sisi tumeumwa tangu utotoni, miili yetu imeizoea kwa kiasi fulani, mtu anaumwa asubuhi na jioni anauza nyanya. Binti wa Nagano hakuwahi kukutana nayo hata siku moja. Mwili wake haukuwa na kinga yoyote, na malaria yetu nyingi hapa Uganda ni ya falciparum, ile inayoweza kumgeuza mtu mahututi ndani ya siku moja.

Alhamisi alfajiri binti yangu mkubwa, aliyekuwa akilala naye chumba kimoja, alikuja kuniita. Nilimkuta mgeni amekaa kitandani macho wazi, anauzungumzisha ukuta kwa Kijapani, kwa sauti ya upole kabisa, kama anayemwelekeza mtu njia. Hakunijua. Nilimbeba mgongoni mpaka kwenye gari la jirani.

Hospitalini daktari aliniuliza homa ilianza lini. Nikasema jana.

Nilikuwa najua ni Jumanne. Shuka nililiona, kandambili nilizipanga kwa mikono yangu. Lakini nilikuwa nimesimama mbele ya watu na mtoto wa watu yuko kitandani, na ulimi wangu ukachagua jana. Nesi akaandika. Nilikaa kwenye benchi ya nje kama nusu saa, kisha nikarudi nikawaambia ukweli. Hakuna aliyenigombeza, na mpaka leo natamani angalau mmoja angenigombeza. Alipewa artesunate, dawa ya malaria kali, ya mshipa, ya pili baada ya saa 12, ya tatu saa 24 tangu ile ya kwanza. Nilizihesabu zote. Baada ya ile ya tatu alifungua macho, akaniita Mama, akauliza kama kuna mtu amemwagilia sukuma wiki, maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake.

Baadaye nilijua kwamba vidonge vya kinga ya malaria aliviacha siku ya 4 kwa sababu vilimvuruga tumbo. Hakutaka kututia wasiwasi. Mratibu alipompigia mama yake simu mimi nilikuwa pembeni, nikangoja matusi ninayostahili. Mratibu akasikiliza kwa muda mrefu, akanigeukia: "Anaomba radhi kwa usumbufu ambao binti yake amewapa." Nilitoka nje nikalia.

Basi msiulize. Jueni shuka lake linakunjwaje, anakula kiasi gani, kazi yake ni ipi, na siku kimoja kati ya hivyo kikibadilika wekeni kipimajoto. Kikivuka 37.5, apimwe damu siku hiyohiyo, hata kama ni usiku, hata kama anawaapia kwamba ni uchovu, na mratibu apigiwe simu kabla hamjatoka nyumbani. Vidonge vya kinga avimeze mezani mbele yenu. Hata anayevimeza vizuri akipata homa, apimwe.

4. Chakula. Pakueni kidogo. Yeye anamaliza sahani kwa adabu, nyinyi mnaongeza kwa adabu, na mnaweza kuumizana hivyo mpaka Septemba. Mzio wa karanga ulizeni kabla ya binyebwa, yaani mchuzi wa karanga, kwa kumwonyesha karanga yenyewe mkononi. Mayai yaive, kwao hula mabichi juu ya wali wa moto.

5. Umeme wa kwao ni volti 100, wetu 240, kwa hiyo mashine ya kukaushia nywele ibaki begini isipokuwa imeandikwa 100-240. Chaja za simu karibu zote zimeandikwa hivyo.

6. Maji ya moto ya kuoga yawe jioni. Akikuachieni nusu ya maji, masafi kabisa, hajakosa kuoga: kwao familia nzima huingia kwa zamu kwenye maji yaleyale, baada ya kila mtu kujisugua na kujisuuza pembeni.

7. Watoto wa mtaa watamwita mzungu, na wengine watamwita mchina. Nimeona wageni wakicheka mchana na kulia usiku. Siku ya kwanza zunguka naye nyumba kumi za jirani, watoto wafundishwe jina lake, walirudie mbele yake. Dakika 40 tu, na muda uliobaki wote anatembea akiitwa kwa jina.

8. Kuondoka. Zawadi mfungashieni vizuri, hata kama ni kahawa ya sh. 10,000. Na mwambieni hivi, mkimshika mkono: homa yoyote ikimpata kwao, hata baada ya miezi, neno la kwanza kwa daktari liwe "nilikuwa Uganda". Madaktari wa Japani malaria hawaioni kila siku, na wanaweza kudhani ni mafua.

Binti wa Nagano nilimkataza kabisa kuniandikia daijobu. Nilimwambia anitumie namba. Mwezi wote wa kwanza baada ya kurudi kwao, kila Jumapili nikitoka kuswali adhuhuri, nilikuta ujumbe wake. Hakuna salamu, hakuna picha, ni namba peke yake: 36.4.