Kabla hujamuuliza bibi hali, tazama jiko lake

Nyinyi mnaoanza mwaka huu uhudumu wa afya ngazi ya jamii huku Moshi, mkianza kupanda Uru, Kibosho au Old Moshi mtaona jambo moja mapema: kwenye nyumba nyingi anayeitikia hodi ni mzee, na yuko peke yake. Watoto wako Dar es Salaam, wengine Arusha, na wengi huonekana Desemba. Ukisema shikamoo utapewa marahaba, kiti na "sijambo, mwanangu". Hiyo sijambo pokea kwa heshima, lakini usikimbilie kuiandika daftarini.

Mwaka wangu wa kwanza niliandika "anaendelea vizuri" mara tatu mfululizo kwa bibi mmoja wa Kibosho. Mara ya nne mvua ya masika ilinikuta pale, nikaomba niingie jikoni niote moto. Ilikuwa saa saba mchana na majivu yalikuwa ya baridi. Bibi alikuwa ameanguka usiku akienda choo cha nje, majuma mawili nyuma. Kifundo cha mkono kilivimba, hawezi kupasua kuni wala kumenya ndizi za kupika, akawa anaishi kwa ndizi mbivu na maziwa ya jirani. Ziara iliyotangulia mkono ule aliuficha ndani ya kanga, akanipa mwingine nimpime presha. Nikapima, nikaaga.

Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akanijibu: "Ukiandika, utampigia mwanangu, naye atakuja kunichukua." Mumewe amezikwa kwenye kihamba kile kile, yaani shamba la ukoo linalozunguka nyumba, hatua chache kutoka mlangoni.

Jibu lile lilibadilisha namna ninavyoingia kwenye nyumba za wazee. Sasa siku ya kwanza kabisa nasema, "Bibi, nimekuja ili uendelee kukaa hapa kwako." Halafu naomba maji ya kunywa, nifuatane naye jikoni. Tazama kama moto umewashwa leo, kama ndoo ya maji ina maji, kama kuni ziko karibu. Tazama anavyoinuka kwenye kigoda. Tembea naye hadi chooni, maana njia ile ndiyo anayoipita gizani, juu ya tope.

Dawa usiulize kama anameza. Mwombe pakiti, hesabu vidonge vilivyobaki, linganisha na tarehe aliyopewa. Nimekuta wengi wanaomeza dawa ya presha siku kichwa kinapouma tu, nyingine wanamwekea jirani. Waeleze taratibu kwamba presha hupanda bila kuuma, ndiyo maana dawa ni ya kila siku. Na kama umemkuta anatoka kukata majani ya ng'ombe, mwache akae dakika tano kabla hujamfunga mashine ya presha.

Macho yenye ukungu yasiachwe kwa kuitwa uzee. Mtoto wa jicho hufanyiwa upasuaji, na hospitali ya KCMC iko hapa hapa mjini.

Kuhusu kusahau, nawasihi mwe waangalifu sana. Utafiti wa wilaya ya Hai uliochapishwa mwaka 2013 ulikadiria kwamba asilimia 6.4 ya wenye miaka 70 na zaidi walikuwa na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Huo huja polepole. Lakini mzee aliyekuwa na akili timamu juzi, leo akachanganyikiwa na kukuita kwa jina la marehemu, huyo anaumwa: huenda ni malaria, nimonia, maambukizi ya mkojo au upungufu wa maji. Mpeleke kituoni siku hiyo hiyo. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakikwama ghafla, usisubiri hata saa moja.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inahesabu uzee kuanzia miaka 60, na wazee wasiojiweza wanastahili kutibiwa bure kwenye vituo vya umma. Asiye na kitambulisho mfuatilie wewe kwa mtendaji wa kijiji. Yeye miguu ya kwenda na kurudi hana.

Yule bibi bado yuko kwake. Mtoto nilimpigia, lakini bibi akiwa amekaa kando yangu na simu akapewa azungumze mwenyewe. Vijana wa jirani walichimbia nguzo, wakafunga kamba ya katani kutoka mlango wa nyuma hadi chooni. Nikifika naanzia huko nyuma, naivuta kuona kama bado imekaza, kisha napiga hodi.