Muafaka na maridhiano: barua kwa mwanangu

Mwanangu,

Waalaikumu salaam. Umeniuliza kwa nini Zanzibar tulipata muafaka 1999, muafaka tena 2001, kisha 2009 wakubwa wakaanza kusema maridhiano. Si jambo lile lile?

Maneno yote mawili chimbuko lake ni Kiarabu, ila hayakuzaliwa tumbo moja. Nduguze muafaka unawajua: kuafiki, kuafikiana, hata taufiki tunayomwomba Mola. Maana yao ya asili ni kulingana, kitu kukaa sawasawa na chenzake. Ndiyo tukasema wakati mwafaka, jibu mwafaka. Sasa tazama: ndani ya neno hilo hamna anayepunguza chake. Siasa nayo inataka kila upande uachie kitu. Nionavyo mimi, hapo ndipo lilipotuponza.

Muafaka wa kwanza ulisimamiwa na Jumuiya ya Madola, enzi za Katibu Mkuu wake Emeka Anyaoku. CCM, chama tawala, na CUF, chama cha upinzani, wakatia saini Juni 1999, na mengi yakabaki kwenye karatasi. Uchaguzi wa 2000 ukazua mzozo, na Januari 2001 waandamanaji wakapigwa risasi, wengi wa waliokufa wakiwa Pemba. Oktoba ukasainiwa wa pili. Mazungumzo ya wa tatu yalipokwama 2008, ukilitaja neno hilo barazani watu walikuchekea tu.

Maridhiano yametoka kwenye radhi, hiyo hiyo unayotuomba sisi wazazi wako. Mtu huweza kuafiki huku amenuna, kuridhia hawezi. Novemba 2009 Rais wa Zanzibar Amani Karume na Maalim Seif Sharif Hamad, kiongozi wa CUF, walikutana Ikulu bila msuluhishi wa nje. Tarehe 31 Julai 2010 tukapiga kura ya maoni, asilimia 66.4 wakasema ndiyo, ikaja Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Sisemi jina ndilo lililofanya kazi. Lakini safari hii raia tuliulizwa, na ridhaa ni kuulizwa. (Ya 2015, uchaguzi ulipofutwa, unayakumbuka mwenyewe.)

Suluhu usiichanganye humo. Hiyo ni ya kumaliza ugomvi, na watangazaji wa mpira wameifanya mechi isiyo na bao.

Kuhusu herufi: maandishi sanifu hupenda mwafaka. Ukizitaja hati zile mbili, andika Muafaka, ndivyo zilivyoitwa.

Mama yako anakusalimu.

Baba yako