Utamu wa Riwaya Ambayo Mwisho Wake Unajulikana

SWALI: Binti yangu hasomi kitu siku hizi isipokuwa riwaya za mapenzi za Uingereza ya kale, zile za mabwana wenye vyeo na dansi za London. Nimezisoma mbili ili nimwelewe, na katika zote mbili sikufika mbali kabla ya kujua nani atamwoa nani. Utamu wake uko wapi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Umekisia sawasawa, ndugu msomaji, wala mwandishi hakukusudia kukuficha. Kinachosubiriwa ni kuona jinsi watu wawili waliokatazwa kusema wanachokitaka watakavyokisema bila kuvunja adabu mbele ya wakubwa, na humo ndimo kicheko kinamozaliwa.

Enzi yenyewe, inayoitwa Regency, ni fupi. Ilianza 1811, Mwanamfalme George alipokabidhiwa madaraka kwa niaba ya baba yake, Mfalme George wa Tatu, ambaye maradhi ya akili yalimzuia kutawala, ikaisha mfalme huyo alipofariki mwaka 1820. Jane Austen aliwaandika watu wa wakati huo akiishi miongoni mwao. Lakini riwaya nyepesi anazozipenda binti yako zina mama mwingine, Georgette Heyer, ambaye kuanzia 1935 aliirudia enzi hiyo kwa uchunguzi mkubwa wa mavazi, magari ya farasi na misemo ya vijana wa mjini, kisha akavitumia vyote hivyo kuchekesha.

Tazama kanuni zilivyobana. Msichana wa tabaka la juu hakutembea na kijana bila mtu mzima wa kumsindikiza, na akicheza dansi na mwanamume yule yule zaidi ya mara mbili katika usiku mmoja, watu walianza kunong'ona habari za posa. Katika ukumbi wa Almack's, London, palipokuwa na dansi za Jumatano, hakuna aliyeingia bila kibali cha kamati ya mabibi wachache, na tajiri asiye na nasaba aliweza kukataliwa mlangoni. Mwandishi akishausimika uzio huo, hata gurudumu la gari la farasi kuvunjika njiani jioni, wawili wakiwa peke yao, huwa janga la ukoo mzima, nasi tunacheka kwa kuwa tunajua hakuna lililotendeka.

Hata hivyo wepesi huo umekaa juu ya jambo zito. Fedha za mwanamke zilikuwa za mumewe mara tu alipoolewa, mashamba mengi yalifungwa kisheria yarithiwe na wanaume tu, na talaka iliyomruhusu mtu kuoa au kuolewa tena ilihitaji sheria mahususi ya Bunge, jambo ambalo wengi hawakuweza kulimudu. Aliyekosea kuchagua, basi amekosea maisha. Ndiyo maana msichana asiye na fedha za kwao za kupeleka kwa mume anayemjibu bwana mwenye cheo kwa ulimi mkali hunifurahisha kuliko shujaa yeyote mwenye upanga.

Lawama yangu ni moja: wale mabwana wa daraja la duke, cheo cha juu kabisa chini ya ukoo wa kifalme, ambao kwa kweli walikuwa wachache sana, katika maduka ya vitabu ya leo wanatosha kuunda kikosi cha jeshi, na wote ni vijana, wana sura nzuri na hawajaoa.

SWALI: Je, haifai kuona haya kuufurahia ulimwengu ulionufaika na utumwa? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Uingereza ilipiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807, lakini sheria ya kukomesha utumwa wenyewe katika makoloni yake mengi ilipitishwa 1833, kwa hiyo baadhi ya majumba ya mabwana wa enzi hiyo yaliendeshwa kwa fedha za sukari ya Karibi. Riwaya nyingi nyepesi hulipita jambo hili kimya, na huo ni upungufu wa waandishi, si wa msomaji anayetaka kucheka baada ya kazi. Mimi huzisoma kama vichekesho vya adabu, na nikitaka kujua fedha zile zilitoka wapi, huchukua kitabu cha historia.