Kwa nini kifafa kilizidi baada ya dawa ya tegu

Pole sana dada. Umeuliza kwa nini kaka yako hapo Igoma alizidi kuanguka siku chache baada ya kuanza dawa ya tegu wa kwenye ubongo, na kama kinga yake ndiyo inayomshambulia. Umekaribia. Kifuko cha tegu kikiwa hai hukaa kichwani hata miaka mingi kimya, kwa sababu kinajua kujificha. Albendazoli, yaani hiyo dawa ya tegu, ikikiua, kinga inakigundua, inakivamia, na ubongo wa jirani unavimba. Huo uvimbe ndio unaochochea kifafa. Shabaha ya kinga bado ni mdudu, si ubongo wake. Kingamwili zinazolenga neva za mgonjwa mwenyewe zimeonekana kwenye ugonjwa mwingine, malale.

Ndiyo maana madaktari huongeza steroidi (dawa za kutuliza uvimbe), kama prednisoloni, na dawa ya kifafa. Asiache yoyote bila daktari. Kichwa kikimuuma sana au akitapika, mpelekeni hospitali ya Bugando leo hii, msingoje kliniki.

Na tafadhali msimlaumu kwa kitimoto. Nyama ya nguruwe isiyoiva huleta tegu wa tumboni. Huyu wa ubongoni hutokana na mayai yaliyo kwenye kinyesi cha mtu, yanayofika mdomoni kwa mikono au kachumbari isiyooshwa vizuri.