Kumpa mtu mswada asome kabla haujachapishwa

Ndugu, umeuliza kama ni lazima usajili hakimiliki kabla ya kuwapa wahakiki mswada wako. Si lazima, hakimiliki unayo tayari. Mkataba wa Berne wa 1886 unazitaka nchi wanachama kulinda kazi bila masharti ya usajili.

Shida ni ushahidi. Siku mkibishana, utaonyesha nini? Tuma kwa baruapepe, usikabidhi kwa flashi, ili tarehe ibaki. Tunza na rasimu za zamani, hata zile za kutia aibu. Kila msomaji mpe nakala yake yenye jina lake chini ya kila ukurasa. Ikivuja, utajua pa kuanzia kuuliza. Kwenye ujumbe andika: "Mswada huu ni wa kusoma na kutoa maoni tu. Tafadhali usiunakili wala kumpa mtu mwingine. Ukikubali, nijibu." Subiri jibu kwanza, ndipo utume faili.

Ila hakimiliki hulinda ulivyoandika, hailindi wazo. Kama thamani yote iko kwenye wazo, dai mkataba wa kutunza siri usainiwe mapema. Alama ya © weka ukipenda, haina madhara.