Andikeni majina kabla ya kupeleka gemu

Juzi mdogo wangu mmoja anayesoma sanaa hapa Bagamoyo aliniandikia: "Dada, gemu yetu imeingia kwenye tuzo za wanafunzi. Tufanyeje tushinde?" Ujumbe huo ulinikosesha usingizi.

Mimi nimeshinda tuzo ya namna hiyo. Tulikuwa wanne, tukatengeneza gemu ya bao la Kiswahili kwa Godot, programu ya bure, kwenye kompyuta moja iliyokuwa ikizimika ovyo. Nilichora mashimo yote 32. Kete 64 nilizipiga picha moja moja, komwe za kweli nilizoazima kwa mzee mmoja wa Dunda. Nyingine za kijivu, nyingine zimeingia weusi kwa kushikwa miaka na miaka. Majaji walizisifia hizo kete kuliko kitu chochote.

Cheti kilipokuja kilikuwa na jina moja tu, la mwenzetu aliyejaza fomu. Mama alikisoma, akaniuliza, "Sasa wewe ulifanya nini huko?" Nilishindwa kumjibu. Miaka sita imepita, bado inauma.

Kwa hiyo, andikeni majina. Kwenye fomu, na ndani ya gemu yenyewe, hadi aliyepiga ngoma. Wanafunzi wa chuo cha DigiPen kule Marekani walitoa gemu ya Narbacular Drop mwaka 2005, kampuni ya gemu ya Valve ikawachukua kama kundi, na wazo lao likazaa gemu ya Portal mwaka 2007. Vijana wenzangu, tuache tamaa ya kung'aa peke yetu! Anayekula jasho la mwenzake leo, kesho hapati wa kufanya naye kazi.

Pia mpeni acheze mtu asiyewaonea haya. Yule mzee alishika simu yetu, akaangalia kete mbili mbili kila shimo, akairudisha. "Hili bao la kujifunza, la watoto. Shimo la nyumba linakaa kete sita, zinafuata mbili na mbili, 22 mkononi. Namua iko wapi?" Namua ni hatua ya kwanza, ya kuingiza kete za mkononi. Tulibomoa kazi ya mwezi mzima. Bila yeye tusingefika popote, na jina lake nalo halikuandikwa mahali.

Narudia, majina. Mdogo wangu, uliniambia fomu inafungwa Ijumaa. Ifungue usiku huu, umwandike yule kijana aliyewarekodia sauti za kete.