Nimeitwa Eldoret kusomea udaktari, kaka ataka nikatae

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni msichana wa Kisauni, Mombasa, nina miaka 19. Nilipata A- kwenye KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, na tangu utotoni sijataka kitu chengine ila udaktari. Chaguo langu la kwanza lilikuwa Chuo Kikuu cha Nairobi. Nikakosa kwa pointi chache, KUCCPS, wanaotugawia vyuo, wakanipeleka Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, udaktari uo huo. Kaka yangu mkubwa, anayefanya kazi bandarini na ndiye atakayenilipia, asema nikatae, nirudie mtihani au niombe tena mwakani, kwa sababu daktari aliyesoma Nairobi ndiye anayeheshimika. Mama hasemi kitu. Yeye ana sukari. Mimi ndiye nimpimaye alfajiri kabla hajatoka kwenda kuuza mahamri, na mimi ndiye nimdungaye sindano jioni. Ndugu yangu mdogo ana miaka 15 na hajui lolote katika hayo. Siku za kuripoti zimekaribia na usingizi sina. Nikienda, kaka ataona nimemdharau. Nikikataa, naogopa kujuta. Nifanyeje, na kaka nimwambieje?*

Marahaba, mwanangu, na hongera. Katika barua yako nzima sikuona mtu hata mmoja aliyekupongeza, basi acha mimi nikupongeze kwanza. Umeitwa kusomea udaktari katika chuo cha umma. Wako wengi waliolia usiku kwa kuikosa nafasi hiyo.

Jibu langu ni kwamba uende Eldoret. Nalitoa mapema kwa sababu siku zako ni chache, lakini nisikize na sababu, maana utazihitaji mbele ya kakako.

Tuanze na hilo la kuomba tena. Ukiomba mwakani kwa matokeo haya haya, alama zako zitakuwa zile zile. Kinachobadilika ni watu unaoshindana nao, na pointi za kuingilia hupangwa na ushindani wa mwaka huo. Huenda zikashuka, huenda zikapanda. Utakuwa umeacha nafasi iliyo mkononi ukaingia kwenye bahati nasibu, na huko mwisho wa safari hakuna hakika kwamba utapata udaktari wowote, seuze wa Nairobi.

Kurudia mtihani nako, kakako nadhani hakupiga hesabu vizuri. Asema "mwakani" kana kwamba ni mwaka mmoja. Usajili wa KCSE hufanywa mwanzoni mwa mwaka, na wa mwaka huu ulishafungwa zamani. Kwa hivyo ungojee usajili wa mwaka ujao, ukae mtihani Novemba, matokeo yatoke, upangiwe chuo, uripoti mwezi wa nane au wa tisa wa mwaka unaofuata. Hiyo ni miaka miwili mizima. Wenzio mliopangiwa pamoja watakuwa wanaingia mwaka wa tatu. Udaktari wenyewe ni miaka sita, kisha mwaka wa intaniship, yaani mazoezi ya kazi hospitalini. Na usisahau kwamba mfumo wa elimu wa 8-4-4 unaelekea ukingoni, watahiniwa wake wa mwisho wa KCSE ni wa 2027. Ukiteleza tena, hapana uwanja wa kurudia sana.

Kuna na wale watakaokuambia "ripoti tu, kisha uhamie Nairobi." Usiende kwa matumaini hayo. KUCCPS hufungua dirisha la kuhama chuo, lakini hutizama kama ulifikisha pointi za kozi hiyo, katika chuo hicho, mwaka huo uliopangiwa. Wewe hukufikisha. Nenda Eldoret ukijua waenda kumaliza Eldoret.

Sasa hili la heshima. Sitaki kumdharau kakako, kwani najua analitoa kwa mapenzi. Anayefanya kazi ngumu kumsomesha ndugu yake hutaka kilicho bora. Lakini Moi si chuo cha kuokotwa. Kilianza kufundisha madaktari 1990, na wanafunzi wake hujifunzia hospitali ya rufaa ya Moi pale Eldoret, ambayo ni ya pili ya rufaa ya kitaifa baada ya ile ya Kenyatta, Nairobi. Tena wana utaratibu wao, COBES, wa kuwapeleka wanafunzi vijijini wakaishi na kujifunza kwenye vituo vya afya, wakaona maradhi yanavyoanza nyumbani, kwenye maji na kwenye chakula, kabla hayajafika hospitali. Msichana aliyekuwa akimpima mamake sukari alfajiri kabla ya soko kufunguka ataelewa mafunzo hayo haraka kuliko wengi.

Mkimaliza, wa Nairobi na wa Eldoret mnasajiliwa na baraza lile lile la madaktari, KMPDC. Wizara ya Afya ndiyo huwapangia wote hospitali za intaniship. Mwaka 2024 madaktari waligoma siku 56, kuanzia Machi hadi Mei, na kupangiwa intaniship na malipo yake yalikuwa katikati ya ugomvi huo. Waliokuwa nyumbani wakingoja walitoka vyuo vyote. Hilo nalitaja kwa sababu nyingine pia: mjue, wewe na kakako, kwamba njia hii ni ndefu na ina misukosuko yake hata baada ya shahada. Kuiongezea miaka miwili kwa hiari ni kujitafutia taabu.

Lakini mwanangu, barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na heshima ya Nairobi umeitaja kwa maneno ya kakako tu. Ulipofika kwa mamako ndipo ulipoeleza saa, sindano, nani anajua na nani hajui. Nadhani kinachokukosesha usingizi ni yule mama. Kurudia mtihani kungekupa miaka miwili ya kukaa naye pasi na kumwambia mtu yeyote kwamba waogopa kumwacha.

Hofu hiyo ni ya haki, wala si ya kuonea haya. Ila tizama: hata ungeitwa Nairobi leo, mama ungemwacha. Fimbo ya mbali haiui nyoka, iwe iko Nairobi au Eldoret. Kwa hivyo swali la chuo na swali la mama ni mawili tofauti, na la mama lina jibu lake.

Huyo ndugu yako wa miaka 15 ni mkubwa wa kutosha. Kuanzia kesho, mashine ya kupimia sukari ashike yeye, wewe usimame kando. Atoboe kidole pembeni, si katikati ya ncha ambako panauma zaidi, asome namba, aandike kwenye daftari pamoja na tarehe na saa. Sindano ajifunze kwako, kisha nendeni wote watatu kliniki ya sukari Makadara, hospitali kuu ya Pwani, muuguzi amtazame akifanya na amrekebishe. Kubwa kuliko yote, ajue dalili za sukari kushuka: mama akitoka jasho la baridi, akitetemeka, akianza kusema maneno yasiyoeleweka, ampe kitu kitamu hapo hapo kama bado anaweza kumeza, na akizirai asimtie kitu mdomoni, akimbilie msaada. Tafuta na jirani mmoja wa kike anayeamka mapema, ajue hali ilivyo. Namba za daftari zipigwe picha zitumwe kwako kila jioni. Na hakikisheni mama amesajiliwa SHA, bima ya afya ya serikali, na michango yake iko sawa.

Kisha keti na mamako peke yenu. Kimya chake usikifasiri wewe. Mwulize. Mama mgonjwa wa sukari anayejua bintiye ndiye mkono wake huenda akanyamaza kwa kuogopa kwamba neno lake litakuzuia.

Na kama baada ya yote hayo moyo wako wakwambia huwezi kuondoka Pwani kwa miaka sita, basi liseme hilo waziwazi. Kuna uuguzi Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi. Kuna diploma ya utabibu KMTC, chuo cha mafunzo ya tiba, hapa hapa Mombasa. Hizo ni kazi kamili zinazookoa watu kila siku, na anayezichagua kwa kutaka ana heshima yake. Mama akizidiwa kweli, andika kwa msajili wa masomo wa Moi uombe kuahirisha kwa sababu ya ugonjwa nyumbani, nafasi ibaki yako. Nisilolikubali ni kuitupa nafasi kwa kisingizio cha jina la chuo.

Pesa nazo zizungumzwe. Kwa kuwa umepangiwa na serikali, omba ufadhili wa serikali na mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, mapema, uulizie na basari ofisi ya eneo bunge lenu. Mzigo ukimpungukia kakako, na mazungumzo yatakuwa mepesi. Nunua sweta mbili nzito. Eldoret iko juu zaidi ya mita 2,000 na asubuhi yake haina huruma kwa mtoto wa Kisauni.

Umeniuliza kaka umwambieje. Usimwendee na uamuzi uliokwisha kufungwa, wala usimwendee mbele ya watu. Mngoje atoke zamu, ale, apumzike. Mshukuru kwanza, na utaje kwa jina alichokufanyia, karo ya kidato cha nne au chochote kile. Kisha mwonyeshe hesabu ya miaka miwili kwenye karatasi, kwa sababu mtu wa bandarini anajua thamani ya siku. Mwambie waogopa kuhusu mama, na umwombe kazi mahsusi: yeye ndiye awe akimpeleka kliniki kila tarehe ikifika. Akikasirika, usijibizane. Mwachie ile karatasi, umtume mjomba au mzee mwengine anayemsikiza akazungumze naye siku ya pili, na wewe uendelee kutayarisha nyaraka zako za kuripoti.